Soma Namba Kabla ya Kufungua Pochi

Msikilizaji, uwe Haydom, Dongobesh au Daudi kwa upande wa Mbulu, ama Katesh, Endasak au Basotu kwa upande wa Hanang, leo tuzungumzie laptopu ya kazi: inapogoma, inapokuwa nzito, na tunapotaka kuiongezea nguvu ili itufae miaka mingine kadhaa.

Usidhani mada hii ni ya wataalamu peke yao. Ingia steshenari yoyote ya Katesh au Mbulu mjini msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu uone. Laptopu moja, printa moja, na foleni ya vijana walioshika vyeti mkononi. Kwenye mashine hiyo hiyo mmoja anaomba kazi Ajira Portal, mwingine anachapisha mkataba wa kuuziana shamba, mwingine anataka nakala ya kitambulisho cha NIDA. Mwalimu naye anayo yake ya kutungia mitihani, katibu wa AMCOS, chama cha ushirika, anayo ya hesabu za wanachama. Laptopu ikizima, riziki nayo imesimama.

Nyingi kati ya laptopu hizi ni mtumba, tena mtumba wa daraja lake: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani. Makampuni yakishazitumia miaka mitatu, minne, huziuza kwa jumla. Wafanyabiashara huzikusanya, baadhi hupitia Dubai, zinashuka Kariakoo, zinapanda Arusha, mpaka zinatufikia. Sina ugomvi na mtumba huu. Mashine ya ofisi iliundwa ili ifunguke: skrubu zipo chini, diski inatoka, na kwa modeli nyingi RAM nayo inatoka. Mtengenezaji huendelea kuweka draiva zake mtandaoni miaka mingi baada ya kuacha kuiuza. Laptopu mpya ya bei rahisi mara nyingi haina sifa hizo.

Ugomvi wangu ni na kubahatisha. Waifai imepotea, tunasema kadi imekufa. Haichaji, tunasema betri. Nzito, tunasema ongeza RAM. Kisha fedha inatumwa Arusha. Kutoka Katesh hadi Babati ni kilomita 75 hivi, na kutoka Babati hadi Arusha ni nyingine 170 hivi. Kipuri kisicho chenyewe kinalipiwa kuja, kinalipiwa kurudi, na chenyewe kinalipiwa kuja tena. Mfugaji wa Basotu hamnunui dume mnadani kabla ya kumfunua mdomo akamtazama meno. Laptopu nayo ina meno yake, na meno hayo ni namba: zimeandikwa chini ya mashine, kwenye vipuri vyake, na ndani ya Windows yenyewe. Anayezisoma hulipa mara moja.

Tuanze na kesi inayowafika wengi. Laptopu imepigwa Windows upya. Imewaka vizuri, lakini alama ya waifai haipo kabisa. Mwenye mashine anaambiwa kadi ya waifai imeungua. Jiulize: kadi iliyokuwa inafanya kazi asubuhi, imeungua vipi kwa sababu ya kupigwa Windows mchana? Kinachokosekana hapo kwa kawaida ni draiva, ile programu ndogo inayoifundisha Windows namna ya kuzungumza na kifaa kilicho ndani ya mashine. Windows mpya haiji na draiva za kila kadi iliyopo duniani.

Fanya hivi. Bonyeza kwa kitufe cha kulia cha mausi pale kwenye alama ya Windows, chagua Device Manager. Utaona orodha ya vifaa, na baadhi vina alama ndogo ya njano. Fungua kimoja, nenda sehemu iitwayo Details, kisha kwenye kile kiorodha chagua Hardware Ids. Itatokea mistari ya herufi na tarakimu. Usiiogope. Tafuta VEN, kisha herufi au tarakimu nne zinazoifuata. Halafu tafuta DEV na nne nyingine. VEN ni mtengenezaji, DEV ni kifaa chenyewe. Ukiona VEN 8086, hiyo ni Intel, waliojichagulia namba ya prosesa yao maarufu ya mwaka 1978. Ukiona 10EC, hiyo ni Realtek. Ukisoma VEN 8086 na DEV 24F3, mbele yako kuna kadi ya waifai ya Intel 8260, ambayo ni ya kawaida kwenye laptopu za ofisi za mwaka 2016. Sasa unajua unachotafuta. Na kama namba imetokea, maana yake mashine inaiona kadi. Kadi iliyokufa kabisa haitokei hata kwenye orodha.

Utauliza: nitapakuaje draiva ya waifai wakati waifai yenyewe haipo? Chukua simu yako ya Android, iunganishe na laptopu kwa waya wa kuchajia, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti washa USB tethering. Kwa kawaida Windows 10 na 11 huipokea simu hiyo kama waya wa intaneti bila kudai draiva nyingine. Pakua draiva hiyo moja kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kisha chomoa waya haraka, maana Windows ikishaonja intaneti itataka kumaliza bando lako lote kwa masasisho yake.

Nimesema tovuti ya mtengenezaji, na nasisitiza. Kwa Dell, chini ya mashine kuna Service Tag, herufi na tarakimu saba. Ziingize kwenye tovuti yao utaletewa draiva za mashine hiyo hasa, kama ilivyotoka kiwandani. Lenovo na HP nao wana utaratibu kama huo kwa namba ya mashine. Zile flashi zinazozunguka mitaani zenye programu moja inayodai kuweka draiva zote kwa mkupuo, ziogope. Nyingine zinakuja na matangazo na virusi, nyingine zinaweka draiva inayofanana na yako lakini siyo yako, ukaanza kuona skrini inapepesa na sauti inakatika.

Tena, si kila alama ya njano ni ugonjwa. Ukikuta PCI Simple Communications Controller, hiyo ni sehemu ya Intel inayodai draiva yake iitwayo Management Engine, iwekee, itatulia. SM Bus Controller inataka draiva za chipseti. Lakini kwenye HP nyingi utakuta kifaa kisichojulikana chenye namba HPQ0004. Hicho ni kihisi cha kuanguka. Kazi yake ni kuinua kichwa cha diski ya kuzunguka pale laptopu inapodondoka, ili kisikwaruze sahani. Kama umeshaweka SSD, ambayo haina kinachozunguka, kihisi hicho hakina tena cha kulinda. Alama ya njano pale haikupunguzii chochote. Usimlipe mtu kwa ajili yake.

Sasa tuje kwenye kuchaji, maana hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Chukua chaja ya Dell ya pini ya duara, utazame ndani ya kile kichwa chake. Katikati kuna sindano nyembamba kama mwiba. Sindano hiyo haipitishi umeme wa kuwasha mashine. Inapitisha taarifa, inaiambia laptopu kwamba mimi ni chaja ya wati 65, au 90. Ikipinda au ikikatika, laptopu itawaka kama kawaida kwa umeme wa ukutani, lakini itakataa kuchaji betri, na prosesa itapunguza mwendo kwa makusudi. Ukiiwasha inatoa onyo kwamba aina ya chaja haijulikani. Wangapi wanalisoma onyo hilo? Wanalipita kwa Enter, wananunua betri mpya, betri mpya nayo haichaji. Wanapiga Windows upya kwa kuwa mashine imekuwa nzito, uzito haupungui. Ugonjwa uko kwenye sindano, na dawa yake ni kuazima chaja ya jirani kwa dakika tano ukajaribu.

Betri yenyewe nayo ina namba zake. Fungua Command Prompt, andika powercfg, acha nafasi, weka mkwaju, yaani /, na batteryreport. Windows itakutengenezea ripoti yenye mistari miwili ya maana: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake sasa ikijaa. Kama ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 15,000, huna haja ya kuuliza mganga. Ilivyo umeme wetu wa kukatika bila hodi, betri nzima ina thamani hata kama laptopu haiondoki mezani: inakupa muda wa kuhifadhi kazi, na inalinda diski isikatiziwe umeme ikiwa katikati ya kuandika.

Kuna kesi nyingine inayofundisha zaidi. ThinkPad kadhaa za mwaka 2017 na 2018, ikiwamo T480 inayopendwa sana kwenye mtumba, zilitoka na dosari katika programu iliyomo ndani ya chipu ya Thunderbolt, ile inayosimamia tundu la USB-C. Baada ya muda tundu linaweza kuacha kufanya kazi, au mashine ikagoma kuchaji kupitia hapo. Na T480 haina tundu la chaja la aina nyingine. Inachaji kwa USB-C tu. Lenovo walitoa sasisho la kuzuia tatizo hilo na wakaliita la muhimu sana. Likiwekwa mapema, mashine inapona. Likichelewa, inaweza kufika mahali pa kubadilisha ubao mama mzima. Mwenye T480 Dongobesh leo, kama hajui sasisho hilo liliwekwa au la, aingie tovuti ya Lenovo kwa namba ya mashine yake aangalie kabla tundu halijafa.

Tuingie sasa kwenye kuongeza nguvu. Kama laptopu yako bado ina diski ya kuzunguka, hilo ndilo badiliko la kwanza, kabla ya RAM, kabla ya kitu kingine. SSD hata ya GB 256 itaibadilisha mashine ya miaka tisa ukaitilia shaka kama ni ile ile. Lakini soma. SSD ya inchi 2.5 ya SATA inaingia kila penye nafasi ya diski ya zamani ya laptopu. Ile ndogo mithili ya pipi ya jojo, iitwayo M.2, inakuja kwa lugha mbili, SATA na NVMe, na umbo lao linakaribiana mno. Tundu la mashine yako linaweza kuelewa moja tu. EliteBook 840 G3, kwa mfano, ina nafasi ya inchi 2.5 na tundu la M.2 pia, Latitude E7470 ni M.2 peke yake. Ukiagiza bila kujua, umeagiza pambo.

Na kwa laptopu mpya kidogo, zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11, usishtuke ukichomeka flashi ya kuwekea Windows ikakwambia hakuna diski. Diski ipo. Kuna mfumo wa Intel uitwao VMD unaoificha mpaka uipe Windows draiva ya Intel RST wakati wa kuiweka, au uuzime mfumo huo kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. SSD nzima zimeshatangazwa mbovu kwa sababu hiyo.

RAM. Ukiitoa, soma kibandiko chake. PC3L na PC3 zinatofautiana kwa herufi moja, L. Yenye L inatumia volti 1.35, isiyo nayo inataka 1.5. Zote zina miguu 204, zote zinaingia kwenye tundu lile lile. Lakini laptopu nyingi za Intel za kizazi cha nne, kama ThinkPad T440, zinataka yenye L. Ukiweka nyingine inalia milio na skrini inabaki nyeusi, na mwenye mali anaambiwa ubao umeungua. DDR4 yenyewe ina miguu 260, haiingii kwenye tundu la DDR3 hata ukisukuma, kwa hiyo usisukume. Na zipo mashine nyembamba, X1 Carbon zikiwa mfano, ambazo RAM yake imechomelewa kwenye ubao. Hizo ulichonunua ndicho ulichonacho.

Usisahau vumbi. Kiangazi cha Hanang kinapuliza vumbi ambalo laptopu inalivuta kupitia feni mwaka mzima. Feni ikiziba, prosesa inapata moto, na ikipata moto inapunguza mwendo kujinusuru. Uzito wa aina hiyo hautibiwi na RAM wala na draiva. Unafungua, unasafisha, unaweka krimu mpya ya kupitisha joto, umemaliza.

Msikilizaji, kuna jambo linalowahusu wenye mashine za zamani. Oktoba 14, 2025 Microsoft walisitisha huduma kwa Windows 10. Haijazima, lakini masasisho ya usalama yamekoma, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kwenye mpango wa ziada, ambao kwa watumiaji binafsi unaishia Oktoba 13, 2026. Windows 11, kwa taratibu za Microsoft, inataka TPM 2.0, yaani sehemu ya usalama ndani ya mashine, na kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi kinasomeka: i5-6300U ni cha sita, i5-8350U ni cha nane, i5-10310U ni cha kumi. Usiishie kwenye jina la modeli. T480 ziko zilizotoka na i5-7300U, za kizazi cha saba, na kwa nje ni T480 kama nyingine. Muuzaji akikwambia hii inakubali Windows 11, mwombe aiwashe, uisome prosesa mwenyewe. Kama unayo ya kizazi cha nne au cha sita na hali yake ni nzuri, usiitupe. Iwekee SSD na Linux, Mint kwa mfano, itachapa barua na kufungua tovuti za serikali kwa miaka mingine. Pale pale wakati wa kununua, ingia BIOS uone kama haina nenosiri la kampuni ya zamani, maana kwenye ThinkPad nenosiri hilo halitoki kwa urahisi.

Kabla ya kugusa chochote, weka nakala ya kazi zako mahali pengine. Wakazi wa Katesh hawahitaji kuhubiriwa hili. Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaua watu zaidi ya 80 na kufukia nyumba na maduka. Roho za watu hazina mbadala, lakini kumbukumbu za wanachama, za wanafunzi na za wadeni zinaweza kuwa na nakala kwenye diski nyingine, iliyo nyumba nyingine. Na kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli lake la diski, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 na uuandike kabla ya kusasisha BIOS au kubadilisha ubao. Baada ya hapo ndipo itakapokuuliza, na ukiukosa kazi zako zimebaki ndani.

Diski ya zamani ukiitoa, ondoka nayo. Ya steshenari ina nakala za vitambulisho na vyeti vya mamia ya watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na diski hiyo kuuzwa mnadani ikiwa imejaa ni kuuza siri za majirani zako.

La mwisho linawahusu mafundi na sisi wateja wao. Tumezoea kumlipa fundi kwa kubadilisha kitu. Akikaa nusu saa akagundua kwamba ni draiva au ni sindano ya chaja, tunamwambia, kumbe ni hicho tu, tunampa ya soda. Tunamfundisha kwamba kufikiri hakulipi na kubadilisha kunalipa, kisha tunalalamika kwamba vipuri vyetu vinabadilishwa ovyo. Fundi akigundua tatizo, mlipe kwa kugundua. Na wewe fundi, mwonyeshe mteja namba uliyoisoma, mwambie kwa nini unahitaji kipuri hiki na si kile.

Kwa hiyo leo, ukitoka kwenye redio, geuza laptopu yako, chukua daftari la duka, uandike: modeli na namba ya mashine, jina kamili la prosesa, aina ya RAM, na aina ya diski. Siku mashine itakapogoma, mpigie muuzaji wa Arusha ukimsomea kutoka kwenye daftari hilo, na kama hawezi kukujibu kwa namba hizo, tafuta muuzaji mwingine.